Tiketi mtandao na asiyeona: Msaada usiokosekana waweza kuwa dhulma?

KUNA hoja moja ambayo kila linapozungumzwa suala la watu wenye ulemavu hutolewa kana kwamba ndiyo imefunga mjadala. Hoja yenyewe ni hii: sisi ni watu wa huruma, kwetu kipofu hapotei. Akisimama kando ya barabara atavushwa. Akifika stendi ataoneshwa basi lake. Akishindwa kukata tiketi kwenye simu, hakosi kijana wa kumkatia. Sasa analalamikia nini?

Nataka leo tuitazame hoja hii kwa utulivu, kwa sababu wanaoitoa si watu wabaya. Wengi wao ndio hao hao wanaovusha watu barabara na kuwabebea mizigo. Wasingekuwa na huruma, isingewapitikia kuitaja. Lakini ndani ya hoja yao limejificha swali zito la maadili, nalo ndilo nakusudia kulijibu: Je, kama msaada upo siku zote, haukosekani hata siku moja, anayesaidiwa anaweza bado kuwa amedhulumiwa? Mimi nasema ndiyo, anaweza. Na mfano ulio wazi kuliko yote kwa zama zetu ni tiketi ya safari.

Tuanze na kilichobadilika. Kwa miaka mingi tiketi ya basi, ya treni au ya boti ilinunuliwa kwa mdomo. Unafika dirishani, unataja uendako, unataja siku, unatoa pesa, unapewa karatasi. Asiyeona alikuwa na ulimi kama wewe na masikio kama wewe, na kwa biashara ile hivyo vilitosha. Stendi ilikuwa na adha zake, wapiga debe wakimvuta huku na huku, lakini njia ya kununua ilikuwa moja kwa wote.

Leo njia hiyo inahama. Tanzania mamlaka ya usafiri wa ardhini, LATRA, imekuwa ikisukuma mabasi yaingie kwenye tiketi mtandao. Treni ya SGR iliyoanza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro Juni 14, 2024, na kufika Dodoma Julai mwaka huo huo, imekuja na tiketi za mtandaoni. Kenya nako, treni ya Mombasa na Nairobi iliyoanza mwaka 2017, abiria wake hukata tiketi kwa simu. Dirisha limehamia kwenye kioo cha simu.

Nisieleweke vibaya. Mimi si katika wanaodhani kila kipya ni balaa. Tiketi mtandao ina kheri nyingi. Nauli inajulikana, kiti kinajulikana, na yule wa kukuuzia tiketi ya basi lisilokuwepo anakosa pa kusimama. Tena kwa mtu asiyeona kheri hii ingekuwa kubwa zaidi kuliko kwa mimi na wewe. Badala ya kwenda kusukumwa stendi alfajiri, angekata tiketi akiwa amekaa barazani kwake.

Na hapa ndugu msomaji lazima tuelewane, kwa sababu wapo wanaodhani asiyeona hawezi kutumia simu ya kioo. Anaweza, na anaitumia. Tangu mwaka 2009 simu hizi zimekuwa zikitoka na programu ya kusoma skrini ndani yake. Kidole kikigusa neno, simu inalitamka. Kikigusa kitufe, simu inataja jina la kitufe. Kwa njia hiyo watu wasioona wanasoma habari, wanatuma ujumbe, wanatuma pesa.

Lakini simu haioni. Inasoma tu kile ambacho mtengenezaji wa programu amekiandika nyuma ya kitufe. Kama ameweka picha ya mshale bila kuandika kwamba hiyo maana yake ni "endelea", simu itasema "kitufe", basi. Vikiwa vitufe sita itasema "kitufe" mara sita. Ramani ya viti ikiwa ni picha tupu, viti vya kijani viko wazi na vyekundu vimechukuliwa, kwa asiyeona hakuna viti hapo. Na yule anayeona lakini hatofautishi kijani na nyekundu, naye anabahatisha. Ukiulizwa uandike herufi zilizopindapinda kuthibitisha kwamba wewe ni binadamu, na hakuna njia ya kuzisikia, asiyeona amekwishafeli mtihani wa ubinadamu. Wanaotumia menyu ya namba kwenye simu ndogo nao wana lao: muda unakatika kabla mwenye vidole vizito hajamaliza.

Si wasioona peke yao. Kiziwi anaambiwa, ukipata tatizo piga simu namba fulani. Apige ili asikie nini? Akiwa stendi, badiliko la mlango au la saa ya kuondoka linatangazwa kwa kipaza sauti, na ubao wa maandishi haupo au umezima. Mwenye kiti cha magurudumu anafika kwenye mashine ya kukatia tiketi na kukuta kioo kimewekwa kwa kimo cha mtu aliyesimama. Kila mmoja amefungiwa kwa namna yake, na hakuna aliyekusudia kumfungia. Ndiyo maana jambo hili halionekani.

Nina jirani, mwalimu wa sekondari, haoni tangu utotoni. Husafiri kila likizo kwenda kwao kusalimia wazazi. Siku moja nilimuuliza anakataje tiketi siku hizi. Akaniambia anamwendea kijana wa dukani, anampa simu, anamtajia namba yake ya siri, kijana anamalizia. Nikamuuliza kama kijana amewahi kumwibia. Akasema, hapana, ni mtoto mwema, Mungu amlipe. Nikamwuliza, "Sasa Mwalimu, shida iko wapi?" Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Ndugu yangu, nimechoka kushukuru."

Maneno hayo manne yana falsafa kuliko vitabu vingi. Mtu wa haraka angesema mwalimu huyu hana shukrani. La hasha! Shukrani ni tabia njema, na mwalimu anazo. Lakini angalia anashukuru kwa kitu gani. Anashukuru kwa kuruhusiwa kulipa nauli yake mwenyewe, kwa pesa yake mwenyewe, kwenda kwa wazazi wake mwenyewe. Abiria wengine arobaini na kitu ndani ya basi lile hawakumshukuru mtu kwa hilo. Walilipa, wakapanda. Yeye amelipa nauli ile ile, halafu ameongezewa ushuru wa shukrani ambao wenzake hawautoi.

Hapo ndipo nilipoona jibu la swali letu. Haki na hisani vinaweza kumfikisha mtu mahali pale pale, kiti kile kile, saa ile ile, na bado visiwe kitu kimoja. Ukinilipa deni langu, nimepata changu. Ukichukua deni langu ukanipa kama sadaka, kiasi ni kile kile lakini umenidhulumu, kwa sababu umegeuza mali yangu kuwa fadhila yako. Nami sasa nakuinamia kwa kitu ambacho ungetakiwa kunikabidhi nikiwa nimesimama wima.

Tena msaada una masharti ambayo haki haina. Mwalimu anasafiri kwa saa ya kijana, si kwa saa yake. Duka likifungwa, hakuna safari. Anakaa kiti alichochaguliwa. Kijana anajua aendako, lini, na salio lake ni kiasi gani. Namba ya siri ambayo kila siku tunaonywa tusimpe mtu yeyote, yeye amelazimika kuitoa. Leo kijana ni mwema. Kesho akihama akaja mwingine je? Usalama wa mtu umejengwa juu ya tabia ya mtu mwingine, na hiyo kwa lugha ya kawaida inaitwa rehani. Kutokuibiwa kwake hakumaanishi kwamba hayuko rehani.

Nimesikia jibu jingine, kwamba watu wenyewe ni wachache, kampuni haiwezi kuingia gharama kwa ajili ya wachache. Kwanza, si wachache. Shirika la Afya Duniani linakadiria watu bilioni 1.3 wana ulemavu mkubwa, yaani mtu mmoja katika kila sita. Sensa ya Tanzania ya mwaka 2022 ilikuta asilimia 11.2 ya watu wenye umri wa miaka saba na kuendelea wana ulemavu wa aina fulani. Pili, hata wangekuwa wachache, tangu lini haki ikapimwa kwa wingi wa wenye nayo? Tatu, gharama yenyewe mara nyingi hutokana na kuchelewa. Kuandika jina la kitufe wakati programu inatengenezwa ni kazi ya maneno mawili. Kuibomoa programu iliyokwisha na kuipanga upya, hapo ndipo penye pesa. Ni kama mlango. Kuuweka mpana wakati wa kujenga ni tofali chache, kuupanua baada ya kuezeka ni kuvunja ukuta. Basi asiyejenga vizuri asije kulalamikia gharama ya kuvunja.

Wenzetu nje wamepita njia hii, nasi tunaweza kujifunza bila kuwasujudia. Marekani mwaka 2002, mtu asiyeona pamoja na taasisi ya kutetea haki walilishitaki shirika la ndege la Southwest kwa sababu tovuti yake ya kuuzia tiketi haikusomeka na programu za kusoma skrini. Mahakama ya Florida iliitupa kesi. Hoja ya jaji ilikuwa kwamba sheria ya mwaka 1990 inazungumzia mahali, na tovuti si mahali. Tafakari hoja hiyo. Mlango wa ofisi ukiwa na ngazi bila njia ya magurudumu, ni kosa. Ofisi nzima ikihamia mtandaoni na mlango ukafungwa kabisa, si kosa, kwa sababu hakuna mlango! Sheria ilikuwa imelinda jengo, ikamsahau mtu.

Ilichukua zaidi ya miaka kumi. Novemba 2013 Wizara ya Usafirishaji ya nchi hiyo ilitoa kanuni kwamba mashirika ya ndege yafanye tovuti zao zitumike na watu wenye ulemavu, huduma za msingi kufikia Desemba 2015 na kurasa zote kufikia Desemba 2016. Desemba 2018 shirika la SAS la nchi za Skandinavia likatozwa faini ya dola 200,000 chini ya kanuni hiyo. Kosa lake lina funzo: halikuwasahau watu wenye ulemavu. Liliwatengenezea tovuti yao ya pembeni, na ile kuu likaiacha ilivyo. Kwa fikra za hisani, hilo ni jambo la kupongezwa, mmewakumbuka. Kwa fikra za haki, huo ni mlango wa uani. Kanuni ilitaka waingie mlango ule ule wanaoingia wengine.

Australia napo, Graeme Innes, asiyeona, aliishitaki kampuni ya reli ya jimbo la New South Wales kwa sababu matangazo ya vituo ndani ya treni ama hayakutolewa au hayakusikika. Wakati huo yeye mwenyewe ndiye aliyekuwa kamishna wa nchi nzima wa kupinga ubaguzi wa watu wenye ulemavu. Mwaka 2013 mahakama ikampa ushindi na fidia ya dola 10,000 za nchi hiyo. Angeweza kumuuliza abiria wa pembeni, "Hiki ni kituo gani?" Bila shaka angejibiwa. Alikataa safari yake ya kwenda kazini itegemee jirani ya kiti.

Ulaya nako, sheria ya ufikivu iliyopitishwa na Umoja wa Ulaya mwaka 2019 ilianza kutumika Juni 28, 2025. Inagusa tovuti, programu za simu, tiketi za kielektroniki na taarifa za safari za ndege, treni, mabasi na meli, pamoja na mashine za kukatia tiketi. Imewasamehe watoa huduma wadogo sana wenye wafanyakazi chini ya kumi, na huo ni uadilifu, kwa sababu mzigo huangaliwa na mabega. Lakini imeziruhusu nchi kuziacha mashine za zamani ziendelee hadi miaka 20 tangu zilipowekwa. Mtoto aliyezaliwa siku mashine ilipofungwa atakuwa mtu mzima kabla haijaondolewa. Kwa hiyo hata huko safari haijaisha.

Na kwetu? Tusidhani sheria hatuna. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 2006 kuhusu haki za watu wenye ulemavu, katika ibara yake ya 9, unataja usafiri na teknolojia ya habari pamoja. Tanzania iliuridhia mwaka 2009 na mwaka uliofuata ikatunga Sheria ya Watu Wenye Ulemavu. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, ibara ya 54, inataja haki ya mtu mwenye ulemavu kufikia usafiri wa umma na habari. Karatasi zipo. Kinachokosekana ni kuamini kwamba karatasi hizo zinazungumzia haki. Tunazisoma kwa macho ya sadaka, kwa hiyo tunaona zinaweza kusubiri hadi hali iwe nzuri.

Kwa msomaji Mwislamu jambo hili halipaswi kuwa geni. Sote tunajua Sura Abasa ilishuka kwa ajili ya nani. Lakini kuna upande wa habari za Ibn Umm Maktum tunaoupita haraka. Mtu huyu asiyeona alikuwa mwadhini wa alfajiri Madina. Imepokewa kwamba hakuadhini mpaka aambiwe kumekucha. Tazama mpangilio huo. Mwenye macho anamwambia kumepambazuka, kisha yeye anautangazia mji mzima, na wenye macho wanajizuia kula daku kwa sauti yake. Kuna msaada hapo, lakini hakuna mtu aliyefanywa mzigo. Msaada uliwekwa ndani ya utaratibu wa kazi, haukuachiwa huruma ya mpita njia. Na sheria ilipomsamehe kipofu, kiwete na mgonjwa baadhi ya wajibu, haikumpunguzia haki. Aliyesamehewa wajibu hajanyang'anywa haki. Sisi tumegeuza: wajibu wa nauli tumembakishia, haki ya kuilipa mwenyewe tumemwondolea.

Atakuja mtu aulize, je, tukifanya kila kitu kuwa haki, huruma itabaki na kazi gani? Undugu hautakufa? Hili ni swali la heshima na linastahili jibu. Huruma haina uhaba wa kazi. Kuna mauti, kuna maradhi, kuna upweke, kuna mizigo ambayo hakuna sheria itakayoibeba. Huruma inapotumika kuziba mahali palipopaswa kuwa na haki, yenyewe ndiyo inayochakaa, kwa sababu mtoaji anachoka kutoa na mpokeaji anachoka kushukuru. Mwalimu akikata tiketi yake mwenyewe, bado atapita dukani kumsalimia yule kijana. Tofauti ni kwamba atakuwa amekwenda kwa mapenzi, si kwa shida. Undugu wa watu wawili waliosimama sawa ni imara kuliko wa mmoja aliyeinama.

Basi la kufanya si gumu kulitaja. Mamlaka zinazotoa leseni za usafiri ziweke sharti kwamba mfumo wa tiketi usioweza kutumiwa na asiyeona au kiziwi haujakamilika, kama basi lisilo na breki lisivyokamilika. Wenye kampuni, kabla hawajamlipa fundi wa programu, wamwite asiyeona mmoja, wampe simu, wamwambie kata tiketi ya Tanga. Akishindwa, fundi arudi kazini. Mtihani huo hauchukui hata saa moja. Dirisha la mtu lisifungwe mpaka dirisha la simu lifunguke kwa wote. Na vyama vya watu wenye ulemavu viache kuomba katika jambo hili, vidai, kwa adabu na kwa vifungu.

Sisi wengine tuliobaki tuendelee kuvusha watu barabara. Ni jambo jema. Ila mtu asituhesabie wema huo kuwa ndiyo malipo ya deni. Anayekudai shilingi elfu kumi ukamkirimu chakula cha mchana, amekula na kushiba, na bado anakudai elfu kumi.